Feri ya Likoni: Chombo Kisichogeuka

Feri ya Likoni haina mbele wala nyuma. Ncha zake mbili ni sawa, kila moja na lango lake la chuma, ndipo gari likaingia upande wa kisiwani na kutokea Likoni bila chombo kugeuzwa. Mkondo ni kama nusu kilomita tu, lakini ndio njia ya meli za Kilindini; ikipita meli, feri hungoja.

Chombo cha namna hii huchukua watu na magari juu ya sitaha moja iliyo wazi, na salama yake i katika uzani. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilijaza kupita kiasi ikapinduka, wakafa watu 272, Mwenyezi Mungu awarehemu. Septemba 2019, katika feri ya Likoni, gari lilirudi nyuma likatumbukia na mama na bintiye mdogo ndani.

Basi, enyi wazazi, dua ya safari isomwe, na breki ya mkono ivutwe. Madirisha yawe wazi. Kwa rai yangu, watoto washuke garini, washikwe mikono, wasimame mbali na lango mpaka chombo kifunge gatini.