Je, Wajua? Linux ya Zamani Yaweza Kuwa Salama Kuliko Mpya

Tarehe 7 Aprili 2014 lilitangazwa tundu baya katika OpenSSL, programu inayolinda siri za mawasiliano ya benki, barua pepe na seva nyingi duniani. Liliitwa Heartbleed. Aliyelijua aliweza kuchota nywila kutoka kwenye kumbukumbu ya seva bila kuacha alama.

Watunzaji wa Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux inayotumika sana, walitoa tiba upesi. Ubuntu 12.04 ikatibiwa. Ubuntu 13.04, iliyotoka mwaka mmoja baada ya 12.04 ikiwa na tundu lile lile, haikupata kitu. Huduma yake ilikuwa imekoma Januari.

Namba hizo ni mwaka na mwezi wa kutolewa. Tangu 2004, toleo jipya hutoka kila miezi sita, kwa kawaida Aprili na Oktoba. Mengi sasa hutunzwa miezi 9 tu. Lakini toleo la Aprili la kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, lenye alama ya LTS, hutunzwa miaka 5.

Utunzaji wenyewe ni kazi ya ustadi mkubwa. Kuingiza OpenSSL mpya ndani ya 12.04 kungeweza kuvuruga programu zilizoitegemea ile ya zamani. Kwa hiyo mafundi walichukua mistari michache tu iliyoziba tundu, wakaishonea kwenye OpenSSL 1.0.1 ile ile, kama kiraka kwenye shati. Ndiyo maana programu yaweza kuonekana kuukuu kwa namba yake, kumbe imeshatibiwa.

Kwa mtu wa Igogwe, kule Rungwe, mwenye kompyuta ya mtumba na intaneti ya bando la simu, hesabu hii ina uzito. Kuhama toleo kila miezi sita hula gigabaiti nyingi. Viraka vya LTS ni mzigo mwepesi zaidi, na kompyuta hubaki vile ulivyoizoea. Matoleo ya haraka yana faida yake, hasa kwa vifaa vipya kabisa, lakini kwa shule, zahanati au duka la steshenari naona LTS ndiyo chaguo sahihi.

Ubuntu 24.04 itahudumiwa hadi 2029. Ile ya 20.04 ilimaliza miaka yake 5 mwaka 2025. Bado inawaka na kufanya kazi, ila bila kujiandikisha kwenye Ubuntu Pro, huduma inayorefusha utunzaji, haipati tena viraka. Tazama namba ya toleo kwenye kompyuta yako leo, na kama muda wake umepita, ihamishe kabla hujaingiza nywila nyingine.