Umepanga nyumba, lakini je, imepangika?

Jioni moja mama alifika kliniki mbio, amembeba mtoto wa miaka miwili aliyekuwa akikohoa na kunuka mafuta taa. Familia hiyo ilikuwa imepanga chumba kimoja mtaani Makutano, mjini Meru. Mafuta yalikuwa kwenye chupa ya soda chini ya meza, kando ya chupa ya maji ya kunywa. Mtoto alikuwa na kiu, akachukua iliyokuwa karibu.

Alilazwa siku kadhaa, akapona. Lakini neno alilosema mamake sijalisahau: "Daktari, nilikuwa nimepanga kupanga nyumba Jumamosi."

Msomaji, huenda nawe unaingojea Jumamosi hiyo. Uwe Makutano au mtaa wa Dallas kule Embu, chumba cha kupanga ndicho jikoni, ndicho malazi, na ndicho ghala la mahindi yaliyotoka mashambani. Unajiambia kwamba siku ukipata nafasi utatoa kila kitu nje, uoshe na kupanga upya. Siku hiyo haifiki, na ikifika unachoka kabla ya saa sita.

Ushauri wangu ni huu: achana na Jumamosi hiyo. Chukua pembe moja tu kila juma, kwa robo saa, ukianzia kwenye kile kinachoweza kuua.

Juma la kwanza: chupa

Kusanya mafuta taa, dawa ya kuulia panya, dawa ya kupe na ile ya kunyunyizia kahawa. Kila moja ikae kwenye chombo chake chenye maandishi, kamwe si kwenye chupa ya soda au ya maji. Ziweke juu, mbali na chakula, mahali ambapo mtoto hafiki hata akipanda kiti. Kama kuna kufuli, funga.

Mtoto akinywa mafuta taa, usimtapishe wala usimpe maziwa. Akitapika, mafuta huweza kuingia mapafuni, na hapo ndipo penye hatari kubwa. Mvue nguo zilizolowa mafuta, umkimbize hospitalini, na uibebe chupa yenyewe.

Juma la pili: dawa

Nami sijitoi lawamani. Niliwahi kufungua droo nyumbani kwangu nikakuta tembe za kisukari za mgeni wetu mzee zimelala pamoja na peremende za watoto. Baadhi ya tembe hizo, hata moja tu, zaweza kushusha sukari mwilini mwa mtoto mdogo hadi azirai.

Hauhitaji kabati la bei. Mkebe wenye kifuniko unatosha, ukiwekwa juu kabisa. Zilizopitisha tarehe na zile zisizo na jina ziondoe. Muulize mwenye duka la dawa jinsi ya kuzitupa. Na usihifadhi vijiuasumu vilivyobaki ili kumpa jirani.

Juma la tatu: magunia

Gunia la mahindi likikaa kwenye sakafu ya saruji na kuegemea ukuta, hunyonya unyevu na kuota kuvu. Kuvu hiyo hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni, Kitui na jirani zake, sumu hii iliwapata watu 317, na 125 kati yao wakafa. Kupika hakuiondoi.

Kwa hivyo anika mahindi yakauke kabisa kabla ya kuyatia guniani. Tandika mbao mbili tatu chini, kisha uliweke gunia mbali kidogo na ukuta. Yaliyobadilika rangi au kunuka uvundo usiyale, wala usimpe ng'ombe: sumu hiyo hupita hadi kwenye maziwa.

Juma la nne: dirisha

Dirisha lako lafunguka? Katika nyumba nyingi ninazotembelea, kabati au masanduku yamelizuia. Baridi ya Juni na Julai inapoteremka kutoka Mlima Kenya, watu huingiza jiko la makaa ndani na kufunga mlango. Hewa ya sumu itokayo kwenye makaa haina rangi wala harufu. Huua watu wakiwa usingizini. Sogeza kabati, dirisha lifunguke kila siku. Jiko litolewe nje kabla ya kulala, hata kama makaa yanaonekana yamekufa. Hewa safi pia hupunguza ukungu ukutani, na wenye pumu watashukuru.

Ukimaliza majuma hayo manne, nyumba yako huenda bado haitapendeza machoni pa mgeni. Viatu vitakuwa mlangoni na nguo kitini. Hivyo si ugonjwa, na usikubali mtu akuaibishe kwavyo. Ukikosa juma moja kwa kazi au uchovu, endelea linalofuata. Watoto nao wape sehemu yao, kama kupanga viatu au vitabu.

Yule mama alirudi baadaye kumchanja mtoto. Nilimuuliza kama alipata nafasi ya kupanga nyumba. Akacheka. "Bado, daktari. Lakini chupa iko juu."

Basi leo, kabla hujalala, angalia chini ya meza yako.