Bakteria Aliyehama Kutoka Tumbo la Mtu Hadi la Duma

Duma wengi wanaofugwa kwenye bustani za wanyama wana maradhi ambayo mtu yeyote anayetembea na vidonge vya kiungulia mfukoni angeyatambua. Mnyama anatapika, anasusa nyama, anakonda hadi mbavu zinahesabika. Akipimwa kwa kamera inayopitishwa kooni, utando wa tumbo lake unakutwa umevimba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Marekani walichunguza vipande vya utando huo wakaona bakteria waliojisokota kama parafujo. Leo bakteria huyo anaitwa Helicobacter acinonychis, na wamemkuta pia kwa simba na chui milia.

Ndugu yake wa karibu tunamfahamu. Ni Helicobacter pylori, ambaye jina lake liko kwenye karatasi za maabara kila kona ya Afrika Mashariki, na ndiye chanzo kikubwa cha vidonda vya tumbo. Wote wawili wanatumia ujanja uleule. Tumbo limejaa asidi inayoua vijidudu karibu vyote tunavyomeza, lakini hawa wana kimeng'enya kinachovunja urea na kutoa amonia. Amonia inapoza asidi iliyowazunguka kwa muda unaowatosha kuogelea hadi kwenye ute mzito unaofunika utando wa tumbo. Humo asidi haiwafikii kwa ukali wake, nao huweza kukaa miaka mingi.

Duma wa porini nchini Namibia nao wamekutwa na Helicobacter tumboni, lakini uvimbe mkali wa tumbo ni nadra kwao. Wanaofungiwa ndio wanaougua. Watafiti wanashuku msongo wa maisha ya kizuizini, kwa kuwa duma hao wana kiwango kikubwa zaidi cha homoni ya kotisoli. Wamejaribiwa hata kwa mchanganyiko wa dawa tunazopewa sisi, yaani ya kupunguza asidi pamoja na antibayotiki. Tumbo hutulia kwa muda, kisha uvimbe unarudi.

Sasa nani alimwambukiza nani? Tumezoea kusikia magonjwa yakitoka kwa wanyama kuja kwetu: kimeta, kichaa cha mbwa, homa ya Bonde la Ufa. Mwaka 2006 wanasayansi walisoma vinasaba vyote vya bakteria wa paka wakubwa, wakakuta jeni kadhaa zimevunjikavunjika, zikiwemo zinazohusu protini za uso wa nje wa bakteria huyo. Kwa bakteria wa binadamu jeni hizohizo ni nzima. Jeni kuharibika ni jambo jepesi, ila jeni nyingi zilizoharibika kujitengeneza upya haielekei kutokea. Kwa hiyo mtu ndiye aliyemwambukiza mnyama. Tena aina ya H. pylori inayofanana zaidi na bakteria huyo ni ile ya kusini mwa Afrika, ambayo asili yake inahusishwa na watu wa jamii ya Wasan. Uhamisho huo unakadiriwa kutokea makumi ya maelfu ya miaka iliyopita, na njia iliyo rahisi kuidhania ni kwamba mnyama mmoja wa jamii ya simba alimla mtu.

Binadamu na H. pylori wametoka mbali. Walikuwa pamoja kabla baadhi yetu hawajaondoka Afrika, na kila jamii ilipohama ilibeba bakteria wake. Nchini Kolombia hilo limeonekana wazi. Mji wa Tumaco uko pwani na wakazi wake wengi ni wenye asili ya Afrika, ilhali Túquerres uko juu milimani, kwa watu wenye asili kubwa ya wenyeji wa kale wa Amerika. Kote huko karibu watu wazima wote wana H. pylori, lakini saratani ya tumbo huko milimani ni takribani mara 25 ya ile ya pwani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba bakteria wenye asili ya Afrika walileta madhara madogo kwa watu wa asili ya Afrika, na madhara makubwa zaidi kwa watu ambao mababu zao hawakuishi nao.

Hapo ndipo baadhi yetu tunapotaka kubweteka. Tangu mwaka 1992 kuna msemo wa kitaalamu, "kitendawili cha Afrika", kwamba bakteria wamejaa huku lakini saratani ya tumbo ni haba. Mimi nauona msemo huo kuwa wa haraka mno. Penye vipimo vichache vya kamera, hata saratani iliyopo haiandikwi. Na Kilimanjaro, Rwanda, Burundi na Kivu zimekuwa zikitajwa kwa miaka mingi kuwa na wagonjwa wengi wa saratani hiyo.

Upande wa pili wa safari, kutoka kwa mnyama kuja kwetu, unapita kwenye zizi la nguruwe. Daktari Barry Marshall wa Perth, Australia, alipotaka kuthibitisha kwamba H. pylori huleta ugonjwa, alianza kwa kujaribu kuwaambukiza nguruwe wadogo, wakagoma kuugua. Mwaka 1984 akanywa bakteria hao mwenyewe na tumbo likavimba. Mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel kwa ugunduzi wa bakteria hao.

Kumbe nguruwe wana bakteria wao, Helicobacter suis, anayehusishwa na vidonda vinavyotokea pale umio unapoingia tumboni. Vinasaba vyake vinaonyesha kwamba naye alihamia kwa nguruwe kutoka kwa nyani wa Asia. Ni msumbufu kumkuza maabara, na watafiti wa Ghent, Ubelgiji, walifanikiwa mwaka 2008 tu. Binadamu wachache humpata, nao huweza kuugua uvimbe wa tumbo, vidonda, na mara chache saratani ya limfu inayoota kwenye utando wa tumbo. Mbwa na paka wa nyumbani nao wana jamii zao za Helicobacter. Mtafiti Giulio Bizzozero aliwaona bakteria hao kwenye tumbo la mbwa huko Turin mwaka 1893, karibu miaka tisini kabla ya ugunduzi wa Warren na Marshall.

Kwa mfugaji wa nguruwe, tatizo liko kwenye kipimo. Kile cha choo kimetengenezwa kumtafuta H. pylori, na cha pumzi mara nyingi hakimnasi H. suis, ambaye hukaa kwa mabaka tumboni. Mtu anaweza kuambiwa hana bakteria huku tumbo likimuwaka. Jibu la uhakika hutoka kwenye kipande cha utando kilichochukuliwa kwa kamera na kupimwa vinasaba, na daktari hawezi kufikiria kuagiza kipimo hicho kama hajauliza mgonjwa anafuga nini.