Mwembe Ukikatwa, Maji Yaenda Wapi?

Kila masika hapa Magogoni twalaumu mitaro. Ina lake, imejaa mifuko na taka. Lakini kuna jambo hatulitaji: miti inayoangushwa kila anapojenga mtu.

Tufanye hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mabati la mita 10 kwa 8 likinyeshewa milimita 50 lamwaga lita 4,000. Hiyo ni mitungi 200 ya lita 20, ile ile tunayouziwa kwa mikokoteni! Zidisha kwa nyumba za mtaa, ongeza nyua zilizotiwa simiti na kabro, utaelewa kwa nini jirani wa bondeni halali mvua ikianza.

Mwembe huyapunguza maji hayo. Majani hushika mvua ya mwanzo. Mengine hukauka huko huko juu, mengine huteremka polepole kwa shina. Chini, mizizi, majani yaliyooza na wadudu huufungua udongo, maji yakazama. Baadaye mti huyanywa na kuyatoa hewani, na udongo ukapata nafasi ya mvua ijayo.

Kwetu sisi wa visima, kuzama huko si jambo dogo. Karibu na bahari, maji matamu ardhini huwa yamekaa juu ya maji ya chumvi. Tukivuta kwa pampu bila mvua kuyarudisha, chumvi hupanda. Na mvua isiyozama hupitia vyoo vya shimo na majaa, ikaingia visimani au ikashukia mikokoni kwenye mkono wa bahari wa Tudor. Kipindupindu hupenda njia hiyo.

Anayesema ardhi yetu ni mawe tu, aende Bamburi. Mwaka wa 1971 René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha simiti, mahali palipobaki matumbawe matupu. Mivinje ikashika. Wakaletwa majongoo wa kula majani makavu, udongo ukaanza kujitengeneza, na leo ni msitu: Haller Park.

Siwadanganyi, mvua kama zile za Novemba 2023 hazizuiliwi na mwembe. Udongo ukishashiba, mtaro ndio kimbilio, kwa hivyo mitaro izibuliwe. Lakini mvua za kawaida, ambazo ndizo nyingi, mti waziweza.

Linaloniudhi ni simiti kumwagwa mpaka shinani, eti uwanja ufagilike vizuri. Nimeona hata kwenye misikiti na shule. Mti huo hukosa hewa na maji, kisha twasema umekufa kwa uzee. Acheni japo mita moja ya udongo kuzunguka shina, pabonyezwe kidogo, na maji ya paa yaelekezwe hapo, mbali na kisima na msingi wa nyumba.