Anapogongwa mtu relini, dereva wa treni naye hujeruhiwa

Na Mwandishi Wetu, Kerege

MKAZI wa Kerege hukua akiijua barabara. Tangu akiwa mtoto hufundishwa kuvuka njia kuu ya Bagamoyo kwa kutazama kulia, kushoto na kulia tena. Anapoendelea kukua hujifunza na mengine yasiyofundishwa darasani: kukisia mwendo wa daladala inayotoka upande wa Mapinga, kumwinulia dereva mkono, na kuamini kwamba dereva huyo atapunguza mwendo au atamkwepa.

Ujuzi huo, unaomfaa barabarani, ndio unaoweza kumuua akiupeleka relini. Treni haina usukani. Dereva wake hawezi kukwepa mtu, ng'ombe wala mkokoteni. Alichonacho ni honi na breki, na breki yenyewe, kama tutakavyoona, aghalabu humaliza kazi yake treni ikiwa imekwishapita mahali palipotokea maafa.

Kerege haina reli. Wajerumani walipoanza kujenga Reli ya Kati mwaka 1905 waliianzia Dar es Salaam, ambako walikuwa wamehamishia makao makuu ya utawala wao kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na mji huo mkongwe wa mwambao ukaachwa kando. Hata hivyo, si jambo la mbali na watu wa huku. Reli ya Kati inapita Soga na Ruvu, ndani ya Mkoa wa Pwani. Kutoka Ruvu linachepuka tawi linaloelekea kaskazini, likivuka Mto Wami hadi kuungana na reli ya Tanga. Reli ya kisasa, SGR, ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 14, 2024, na kufika Dodoma Julai 25 mwaka huo huo. Aidha, makubaliano ya awali ya bandari ya Bagamoyo, yaliyotiwa saini mwaka 2013 na mazungumzo yake kukwama mwaka 2019, yalihusisha pia ujenzi wa reli ya kuiunganisha bandari hiyo na Reli ya Kati.

Je, kwa nini treni haisimami? Jibu limo katika kitu kile kile kinachoifanya reli kuwa usafiri wa gharama nafuu. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma hugusana katika eneo dogo lisilozidi ukubwa wa sarafu. Msuguano ni mdogo, ndiyo maana injini moja huweza kuvuta mzigo ambao barabarani ungehitaji malori mengi. Lakini msuguano huo mdogo ndio pia unaotegemewa wakati wa kusimama.

Tuchukue mfano wa treni ya abiria ya SGR inayokwenda kilomita 160 kwa saa. Hiyo ni mita 44 katika kila sekunde. Tuseme dereva amefunga breki ya dharura, na treni inapunguza mwendo vizuri kabisa, kiasi cha mita moja kwa sekunde katika kila sekunde inayopita. Itachukua sekunde 44 kusimama, na katika muda huo itakuwa imekwenda karibu kilomita nzima.

Sasa mweke mtu relini mita 300 mbele ya treni hiyo. Hata kama dereva amemwona papo hapo na kufunga breki bila kupoteza nukta, treni itamfikia baada ya sekunde saba hivi, ikiwa bado na mwendo unaozidi kilomita 130 kwa saa. Treni ya mizigo ya reli ya zamani huenda polepole zaidi, lakini ina uzito mkubwa, na nguvu ya breki huhitaji muda kusafiri kupitia bomba linalopita kutoka behewa hadi behewa. Nayo huhitaji mita mia kadhaa.

Sekunde hizo saba ni za kuzingatiwa. Kwa aliyeko relini ni muda mfupi mno. Kwa aliyeko kwenye kichwa cha treni ni muda mrefu ajabu.

Jambo la pili linalowaponza watu ni macho yao wenyewe. Mwaka 1985 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Herschel Leibowitz, alieleza kwamba kitu kikubwa kinachotujia huonekana kwenda polepole kuliko kilivyo. Ndege kubwa inayotua huonekana kana kwamba inaelea, ilhali ndege ndogo yenye mwendo wa chini huonekana ina haraka. Treni nayo hutudanganya hivyo hivyo, hasa mtu anapoitazama ikija moja kwa moja. Huiona inakua kidogo kidogo, akaamini ana nafasi ya kuvuka, kisha ghafla inamjia nzima.

Masikio nayo si ya kuaminika. Mngurumo wa treni husikika vizuri zaidi ikiwa tayari inapita kuliko ikiwa mbele yako inakuja, na treni ya umeme haina mlio wa injini ya dizeli ambao watu wa kandokando ya reli wameuzoea kwa miaka. Mahali ambapo reli ya zamani na ya SGR zinakwenda sambamba, mtu huweza kusikia treni, akaamini inapita kwenye njia nyingine. Yule aliyeziba masikio kwa vifaa vya kusikilizia muziki hana hata wasiwasi huo.

Pamoja na hayo, si haki kuwaita wote wanaopita relini wazembe na kuishia hapo. Ukienda Buguruni au Vingunguti, jijini Dar es Salaam, wakati wa masika, utaona kwamba tuta la reli ndiyo njia iliyo juu ya maji. Limenyooka, limejengwa kwa kokoto, halina tope. Mama mwenye ndoo ya samaki kichwani na mtoto anayewahi shule hawalichagui kwa sababu hawaogopi kufa, bali kwa sababu njia nyingine ni mbaya au haipo. Wanaoishi kando ya reli huzijua saa za treni kwa mazoea. Tatizo ni kwamba treni haifuati mazoea: siku moja huchelewa, siku nyingine hupita kiberenge au treni ya mizigo ambayo haimo katika ratiba yoyote anayoifahamu muuza mboga.

Hatari hiyo huwa kubwa zaidi reli iliyolala inapoamshwa. Tawi la kutoka Ruvu kwenda njia ya Tanga lilikaa zaidi ya miongo miwili bila treni ya abiria. Katika kipindi hicho amezaliwa na kukua mtu mzima ambaye kwake reli ilikuwa kichochoro tu, mahali pa kupitisha ng'ombe na baiskeli. Desemba 2019 treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi ikarejea, na Oktoba 2020 ikafika Arusha. Kutengeneza daraja na kubadilisha mataruma ni kazi ya wahandisi. Kubadilisha mazoea ya kijiji kizima ni kazi nyingine kabisa, na huchukua muda mrefu kuliko ukarabati.

Sheria, kwa upande wake, haina shaka. Eneo la hifadhi ya reli, mita 15 mijini na mita 30 vijijini kila upande, si la kujenga, kulima wala kufanyia biashara, na kutembea relini ni kosa. SGR imewekewa uzio na vivuko vya chini na vya juu. Lakini uzio una thamani pale tu kivuko kinapokuwa karibu. Mwananchi anayetakiwa kuzunguka kilomita mbili ili afike shambani kwake anakoliona kwa macho atatafuta upenyo, na asipoupata atautengeneza.

Tatizo si la kwetu pekee. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, ukiwaondoa waliojiua, zaidi ya nusu ya wanaokufa katika ajali za reli ni watu walioingia relini pasipo ruhusa. Nchini Marekani idadi ya watu wa namna hiyo imekuwa ikizidi 500 kwa mwaka.

Habari za vifo hivi, zinapoandikwa, hufuata mtindo mmoja: jina la marehemu, umri wake, mahali, saa, na kauli ya kamanda wa polisi. Dereva hutajwa kwa neno moja, na mara nyingine hatajwi kabisa; inaandikwa "treni ilimgonga", kana kwamba ndani yake hamkuwa na mtu. Ni upungufu wetu sisi wa vyombo vya habari, kwa sababu katika kila tukio la aina hii kuna mtu aliyeketi mbele kabisa, nyuma ya kioo, aliyeona kila kitu.

Alichokiona ni hiki. Ametokea kwenye kona akaona umbo mbele. Amepiga honi. Umbo halikusogea, au limegeuka na kutazama. Amefunga breki ya dharura, na tangu hapo hana la kufanya. Mikono yake ingali juu ya vyombo, lakini kazi yake imekwisha. Kilichobaki ni kusubiri. Madereva wa nchi mbalimbali waliosimulia matukio hayo hurudia jambo moja, kwamba kinachowasumbua zaidi baadaye si mshindo bali yale macho yaliyowatazama, na kujua kwamba walikuwa wamefanya kila walichofundishwa na bado haikusaidia.

Treni inaposimama, shughuli ndiyo inaanza. Dereva hutoa taarifa kwa waongozaji wa treni. Mmoja wa wafanyakazi, msaidizi wake au gadi, hulazimika kushuka na kurudi nyuma kwa miguu kando ya mabehewa kutazama kilichotokea. Ikiwa ni usiku, huenda na tochi. Porini, mbali na kituo, polisi na gari la wagonjwa hawafiki upesi, na wafanyakazi hao hubaki na mwili huo. Mijini hali ni tofauti lakini si nafuu: umati hukusanyika, na sauti ya kwanza kusikika mara nyingi ni ya anayesema dereva hakupiga honi.

Baadaye huja maelezo ya polisi na maswali ya mwajiri, yote yakimtaka asimulie upya dakika ile ile. Ni lazima, kwa kuwa kifo kimetokea na ukweli unatakiwa. Lakini mtu anayeulizwa mara tatu iwapo alipiga honi huanza kujiuliza mwenyewe mara ya nne, usiku, akiwa kitandani.

Wataalamu wamelipima jambo hili. Uchunguzi uliofanywa kwa madereva wa treni za chini ya ardhi za London, ambao treni zao ziliwagonga watu waliojitupa mbele yake, ulichapishwa mwaka 1992. Mwezi mmoja baada ya tukio, takribani dereva mmoja kati ya sita alikuwa na maradhi ya msongo yatokanayo na kiwewe: ndoto za kutisha, kushtuka ovyo, picha ya tukio kujirudia bila kuitwa, na kukwepa chochote kinachokumbusha. Wengine wengi zaidi walikuwa na sonona au hofu zisizo za kawaida. Ni kweli pia kwamba wengi hupata nafuu na kurejea kazini. Lakini dereva wa treni ana bahati mbaya ambayo wengine hawana: mahali pa tukio ndipo mahali pake pa kazi, na anaweza kupita pale mara mbili kwa wiki hadi astaafu.

Shirika la Kazi Duniani lilipoipitia upya orodha yake ya magonjwa yatokanayo na kazi mwaka 2010, liliingiza humo maradhi ya akili, na msongo utokanao na kiwewe ukatajwa waziwazi. Marekani ilitunga sheria mwaka 2008, na kanuni zake kutoka mwaka 2014, zinazoyataka mashirika ya reli kuwa na mpango wa kuwahudumia wafanyakazi waliokumbwa na tukio la namna hii, ikiwa ni pamoja na haki ya mhusika kupumzishwa kwa saa zilizosalia za zamu yake.

Haki hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi. Mantiki yake ni nzito. Aliyetoka kushuhudia kifo hana utulivu wa kusoma ishara za reli, na nyuma yake kuna mamia ya abiria. Kumwambia aendelee hadi mwisho wa safari kwa sababu hakuna dereva mwingine karibu ni kuiweka treni nzima rehani. Kwenye njia moja inayokatiza pori, kama ilivyo sehemu kubwa ya reli yetu ya zamani, mbadala hapatikani kwa dakika kumi. Kwa hiyo utaratibu wa nani atatumwa, kwa usafiri gani na kutoka kituo kipi, hauna budi kuandikwa kabla ya tukio.

Kuna pia suala la ujasiri. Reli ni kazi ya nidhamu, na ni kazi ya wanaume wengi waliolelewa kuamini kwamba mwanaume halii. Mzee wa kazi humwambia kijana aliyegonga mtu kwa mara ya kwanza kwamba atazoea. Husema hivyo kwa nia njema, maana yeye mwenyewe aliambiwa hivyo. Kijana akienda kuomba ushauri nasaha anaogopa kuandikwa kuwa hafai kuendesha, na hofu hiyo humfanya anyamaze hata pale msaada unapokuwepo.

Katika nchi ambazo utaratibu huu umekomaa, dereva aliyepumzishwa harudishwi peke yake siku ya kwanza. Mwenzake mzoefu hupanda naye kwenye kichwa cha treni, huketi pembeni, na wanapokaribia mahali pale humwacha aendeshe mwenyewe, akiwa tayari kushika vyombo endapo mikono ya mwenzake itakataa.