Risiva, amplifaya au king'amuzi? Msamiati wa mtambo wa sauti ya sinema ya nyumbani

Risiva ya sinema ya nyumbani ni mtambo unaopokea picha na sauti kutoka kwenye king'amuzi, deki au kompyuta. Picha huipeleka kwenye runinga. Sauti huifasiri, huigawa katika njia kadhaa, huikuza, kisha huipeleka kwenye spika zilizopangwa kumzunguka msikilizaji. Kwa kuwa kasha hilo moja lina kazi nyingi, mfasiri wa kijitabu cha maelekezo hukabiliwa na majina mengi yanayokaribiana. Uchaguzi wa jina si suala la ladha tu, kwani msomaji akielekezwa vibaya anaweza kuunguza kifaa alichokinunua kwa fedha nyingi.

Jina la mtambo

Neno risiva limetoholewa kutoka Kiingereza, na asili yake ni kupokea. Kilichopokewa hapo awali kilikuwa mawimbi ya redio: amplifaya iliyounganishwa na redio ndani ya kasha moja iliitwa hivyo ili itofautishwe na amplifaya isiyo na redio. Redio ingalimo katika mitambo mingi ya leo, ila si kazi yake kuu tena.

Katika Afrika Mashariki, risiva aghalabu ni kisanduku cha dishi la setilaiti. Kisanduku cha matangazo ya dijitali huitwa pia king'amuzi, kutokana na kitenzi ng'amua. Jina hilo lilizoeleka sana Tanzania wakati wa kuzimwa kwa mitambo ya analojia, kazi iliyoanza tarehe 31 Desemba 2012. Kwa hiyo sebule moja inaweza kuwa na risiva mbili, na agizo "unganisha risiva na runinga" likawa fumbo. Neno kipokezi haliondoi utata huo, kwa sababu nalo lafaa kwa vyote viwili. Njia salama ni kuandika "risiva ya sauti" mara ya kwanza, kueleza kazi yake kwa sentensi moja, na kushikilia jina hilo hadi mwisho. "Amplifaya" au "kikuza sauti" litumike pale tu panapozungumziwa sehemu inayokuza sauti.

Sabufa nalo linahitaji uangalifu. Madukani, sabufa ni seti nzima ya spika pamoja na kasha lenye amplifaya na redio. Katika maelekezo ya risiva, sabufa ni spika moja tu: ile ya sauti nzito.

Spika na kipaza sauti

Kipaza sauti hutumika kwa maana mbili zinazopingana: kifaa cha kusemea na kifaa cha kusikilizia. Risiva nyingi huja na maikrofoni ndogo ya kupimia sauti ya chumba, hivyo vyote viwili hutajwa katika ukurasa mmoja. Ni afadhali kuandika maikrofoni kwa kile cha kusemea na spika kwa kile cha kusikilizia.

Upatanisho wa kisarufi hutenganisha spika huyu na kiongozi wa bunge. "Spika ameahirisha kikao" ni mtu. "Spika imeungua" ni kifaa. Katika wingi, viongozi ni maspika, ilhali vifaa hubaki spika: "spika zimeungua."

Sauti inayozunguka na inayomzunguka

Kitenzi zunguka bila kiambishi cha mtendwa huleta maana ya kwenda duara, kama feni. "Sauti inayozunguka" ni sauti isiyotulia mahali pamoja. Kinachokusudiwa ni "sauti inayomzunguka msikilizaji", yaani inayomfikia kutoka pande zote. Kiambishi -m- ndicho kinachobeba tofauti hiyo.

Namba 5.1 husomwa "tano nukta moja", lakini si desimali. Ni hesabu mbili: njia tano za sauti kamili na njia moja ya sauti nzito, ambayo huenda kwenye sabufa. Namba ya tatu, kama katika 5.1.2, huhesabu spika za juu, zinazotumika katika mfumo kama Dolby Atmos, ulioanza kwenye kumbi za sinema mwaka 2012.

Katika 5.1, spika tatu hukaa mbele: kushoto, kati na kulia. Mbili zilizobaki mara nyingi hutafsiriwa "spika za nyuma", na msomaji huziweka nyuma ya kisogo chake. Mapendekezo ya shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, huziweka kwenye pembe ya digrii 100 hadi 120 kutoka mbele, yaani ubavuni, nyuma kidogo ya masikio. "Spika za pembeni" ndilo jina sahihi zaidi. Katika 7.1 zipo za pembeni na za nyuma pia, na hapo majina yote mawili huhitajika.

Namba zinazopotosha

Nyuma ya spika huandikwa ukinzani wake, kwa mfano omu 8 au omu 4. Mwenye haraka hudhani kwamba namba ndogo ni mzigo mdogo. Kumbe kwa volteji ileile, ukinzani ukipungua nusu, mkondo wa umeme huongezeka maradufu. Spika ya omu 4 ndiyo inayoielemea amplifaya, ikaipasha joto hadi ijizime au iungue. Kwa hiyo "usiunganishe spika zenye ukinzani ulio chini ya omu 6" haiwezi kufupishwa kuwa "usiunganishe spika ndogo".

Kiwango cha sauti nacho huonyeshwa mara nyingi kwa desibeli hasi: -20 ni sauti kubwa kuliko -40. Agizo la "kuongeza namba" humchanganya msomaji. "Ongeza sauti" linatosha.

Matundu

"Tundu la kuingizia" na "tundu la kutolea" ni majina mazuri, lakini maandishi yaliyochapwa kwenye mtambo yaachwe kama yalivyo, kwa kuwa msomaji atayatafuta kwa macho. Tundu la kutolea lenye alama ya ARC huhitaji maelezo zaidi. Tangu toleo la HDMI 1.4 la mwaka 2009, waya mmoja waweza kupeleka picha kwenye runinga na kurudisha sauti ya runinga kwenye risiva. Tundu hilo, licha ya jina lake, hupokea pia.

Kabla ya tafsiri kuchapwa, inafaa apewe mtu asiyejua Kiingereza aunganishe mtambo kwa kuisoma, umeme ukiwa umezimwa. Kila neno litakalomfanya asite huku waya uko mkononi ndilo linalohitaji kuandikwa upya.