Namna Nilivyopata Ukaazi wa Kudumu Kanada



Nilipokuja kuitembelea shule yetu likizo iliyopita, wanafunzi wengi waliniuliza swali moja: "Kaka, ulipataje karatasi za kukaa Ulaya?" Kwanza napenda kusahihisha kwamba Kanada haiko Ulaya, iko Amerika ya Kaskazini. Pili, jibu lake ni refu, na Mwalimu mlezi wa gazeti hili akaniambia niliandike ili wote walisome.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma katika mji wa Winnipeg, jimbo la Manitoba, ambako wakati wa baridi kipimo hushuka hata digrii 30 chini ya sifuri. Nilikwenda kule kusoma ufundi. Ili nipate karo, mama aliuza ng'ombe wetu na kipande cha shamba, na wajomba wakachanga. Nilipofaulu nilipewa ruhusa ya kufanya kazi kwa miaka 3. Ruhusa hiyo si ukaazi. Ikiisha nawe hujapata nyingine, hapana budi uache kazi.

Iko njia iliyoanzishwa na serikali ya Kanada mwaka 2008 kwa ajili ya watu ambao tayari wamefanya kazi ya ujuzi ndani ya nchi ile. Yafanana na methali yetu: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aliyekwisha kulishika jembe na kulima vema, huyo aweza kuomba kukaa. Nitaeleza masharti yake kama yalivyokuwa katika mwaka 2025, maana kanuni hizi hubadilishwa mara kwa mara.

Sharti la kwanza ni kazi yenyewe. Kazi zote zimepangwa katika madaraja 6, kuanzia 0 hata 5. Daraja 0 ni mameneja. 1 ni kazi zinazotaka shahada, kama uhandisi. 2 na 3 ni kazi za mafundi na wengine waliojifunza kazi yao. Madaraja 4 na 5 hayahesabiwi katika njia hii. Hivyo mpishi, aliye daraja 3, aweza kuomba. Lakini msaidizi wa jikoni anayeosha vyombo yu daraja 5, hata akitoka jasho kuliko mpishi.

Sharti la pili ni muda. Yatakiwa mwaka mmojá wa kazi ya kulipwa, yaani saa 1,560, ndani ya miaka 3 kabla ya kuomba. Hesabu yake ni saa 30 kwa juma, mara majuma 52. Ukifanya saa 45 kwa juma, utahesabiwa 30 tu. Kwa hiyo huwezi kuufupisha mwaka kwa kujichosha. Lakini ukifanya saa 15 kwa juma kwa miaka 2, utafika. Kazi ya kujiajiri haimo, wala kazi uliyoifanya ukiwa mwanafunzi wa kutwa.

Hapo ndipo nilipojikwaa. Nilipokuwa nimefanya uchomeleaji miezi 8 tu, mtu mmoja aliyejiita mshauri alinitoza fedha, akaniambia niongeze saa zangu za uanafunzi. Nami sikusoma kanuni, nilimwamini yeye. Maombi yakakataliwa, na ada ya kuyashughulikia haikurudi. Baadaye nilitambua kwamba hakuwa na leseni, nayo sheria ya kule yataka kila mshauri anayelipwa awe nayo. Majuma kadhaa sikuweza kumwambia mama. Nilikuwa kama mtu aliyekula mbegu.

Sharti la tatu ni lugha. Hupimwa kusoma, kuandika, kusikiliza na kusema, kwa Kiingereza au Kifaransa. Madaraja 0 na 1 hutakiwa kufika kiwango cha 7. Madaraja 2 na 3 kiwango cha 5, katika mambo yote manne.

Kutimiza masharti hakutoshi. Tangu Januari 2015 waombaji hushindanishwa kwa alama, ambazo jumla yake ni 1,200: umri, elimu, lugha na kazi. Wenye alama za juu hualikwa, na aliyealikwa hupewa siku 60 kupeleka maombi yake pamoja na cheti cha polisi na barua za waajiri. Barua ya mwajiri haitoshi kusema "twamfahamu." Yataka itaje cheo, kazi alizozifanya, saa za juma na mshahara. Mara ya pili nilikaa na msimamizi wa karakana yetu jioni nzima tukaiandika vizuri, nami nikarudia mtihani wa lugha ili niongeze alama.

Jibu lilipokuja lilikuwa la kukubaliwa. Nilimpigia mama simu. Hakuuliza habari za mshahara. Aliuliza: "Sasa waweza kuja nyumbani, na kurudi?" Nikamjibu, "Naam, mama."

Ukaazi si uraia. Mimi ni Mtanzania bado. Kule siwezi kupiga kura, na yanipasa kukaa siku 730 katika kila miaka 5 nisije nikaupoteza.

Wadogo zangu, sikuandika haya ili nyote mwondoke. Shule hii yahitaji mafundi kuliko Winnipeg. Lakini popote mtakapofanya kazi, someni kanuni kwa macho yenu wenyewe, tunzeni kila karatasi, na insha za Mwalimu wa Kiingereza msizikimbie. Mimi nilizikimbia, nikaja kuzilipia mtihani mara 2.